Kipimo cha Gati Namba Mbili

Kwanza hupimwa pasipo na kitu.
Ndiyo kanuni: usimame mbali na meli,
uisikilize ardhi ya Kililana ilivyo siku zote,
uandike. Tik. Kimya. Tik, tik.
Sifuri haipo. Hata mchanga wa kwetu Mambrui,
ule mweusi tuliouchezea utotoni,
una neno lake, tangu kabla ya Adamu.

Kisha ngazi.
Siku ya tisa hii meli imefungwa,
wapagazi wameapa hawagusi hata kamba
mpaka aseme yule mwanamke wa mashine.
Ndiye mimi, Zulfa Shekue, glavu mbilimbili,
buibui nimeliacha ofisini kwenye msumari.

Sitaha safi; mvua imeiosha.
Lakini vumbi lajua kujificha:
mikunjo ya turubai, kutu ya bawaba,
moyo wa kamba iliyozongwa ikiwa mbichi,
chujio la hewa juu ya jiko.
Hapo mita ikaacha kuhesabu, ikamwaga,
mtama kwenye sinia la bati.
Nikarudi nyuma. Umbali ukizidi maradufu
kelele hubaki robo.
Sina dawa nyingine mkobani.

Mpishi, Rodelio, akaja na ndala zake
ndani ya mfuko wa plastiki.
Alfajiri ile alikuwa nje. Mbingu haina wingu,
na kitu kikaanguka cheupe, laini;
akadhani gunia la unga limepasuka.
Akafagia. Alikuwa akipiga mluzi, anasema,
na hilo ndilo analolirudia: mluzi.

Nikapima ndala. Nikapima vidole, kimoja kimoja,
nywele, kola ya shati.
"Nzuri?" akauliza.
Nikamtajia nambari ya ndala.
Gama hupenya chuma, huja hadi kwangu ijitambulishe;
kuna mengine hayavuki hata ngozi,
yakivutwa na pumzi hukaa humo humo,
na mita yangu haiyasikii.

Kwenye fomu, safu ya maoni, nikaandika:
chujio lifungiwe ndani ya risasi, kamba zitengwe,
mpishi apelekwe hospitali.
Nikarudi nikaongeza: leo.

Langoni, usiku. Nimeoga mara tatu.
"Ndoo ule, wali wapoa," mama ananiita.
Mita iko mezani, nimesahau kuizima:
tik, kwa ukuta wa matumbawe,
tik, kwa ndizi, kwa mifupa yetu wawili.
"Chahesabu nini tena hicho?"
Yale ya siku zote, mama.
Akatwaa kawa ya wali, akakifunika.