Kilichotoka, Kilichoingia

Miaka thelathini na moja nilikuwa karani wa ghala,
korosho zinaingia, korosho zinatoka;
gunia moja lisipoandikwa, silali.
Nilipostaafu nikanunua boti ya faiba,
injini ya farasi kumi na tano,
ubavuni nikaiandika KIINUA MGONGO.
Ndoro nzima ilicheka wiki mbili.

Sivui kwa njaa. Jumamosi natoka
kuutazama mji wa Lindi kwa upande
ambao wenyewe haunitazami.

Na mimi si mzembe, waulize:
majaketi manne ya kuelea,
la mjukuu limekatwa mikanda limkae kifuani;
filimbi, kopo la kufulia maji,
simu ndani ya nailoni, mafundo mawili;
makasia, maana injini haina undugu;
petroli theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi,
theluthi ya nisilolijua.

Na dirishani kwa Bi Somoe Nalinga, muuza vitumbua,
naacha karatasi:
*Boti nyeupe, mstari wa buluu. Watu wawili.
Natoka nje ya ghuba.
Ikifika saa kumi na mbili jioni hujaniona
usinisubiri kwa adabu. Piga kelele.*

Siku ile bahari ilichafuka mapema.
Saa nane tu tukageuza, tukapandisha boti
kwa shemeji yangu, Kitunda, tukavuka na kivuko,
nikapita njia ya nyuma kukwepa jua.
Nikaoga. Nikala. Nikalala.

Saa tatu usiku nikaamshwa na ukimya wa mtaa.
Wote walikuwa ufukweni, tochi mkononi,
na huko gizani boti tatu
zikiita jina nisilolisikia vizuri.
Nikasimama nyuma ya umati, shuka kiunoni,
nikamuuliza kijana: Nani kapotea?
Akajibu bila kugeuka:
Mzee Mchopa, yule wa Kiinua Mgongo.

Kuna maswali mtu hajui ayaitikie vipi.

Bi Somoe hakunitukana. Ingekuwa nafuu.
Alinirudishia karatasi yangu, imelowa jasho la kiganja:
"Karani, umeandika kilichotoka."

Petroli yao nililipa, lita arobaini na mbili.
Hiyo haikuniuma.
Kinachoniamsha mpaka leo ni Nambunga,
mtoto wa fundi baiskeli, miaka kumi na tisa,
aliyeruka botini bila jaketi
kwa haraka ya kuniokoa
nami nikikoroma.

Sasa nikigusa mchanga, kamba bado mkononi,
nagonga kwanza lile dirisha.
Nimerudi, Bi Somoe.
Anafungua daftari la madeni ya vitumbua,
analamba ncha ya penseli.
Wangapi?
Wawili.
Wahesabu.
Nami nageuka, nahesabu.