Nyanya za Kitanda Namba Sita

Mhandisi Mwambungu kaniagiza jedwali:
safu tatu, ukurasa mmoja, Ijumaa saa nne.
"Linganisha tope liende wapi," kasema,
"na usiniletee hadithi."

Haya. Bila hadithi.

Kulizika.
Lori kumi na moja kwa wiki hadi jalalani Pugu,
dizeli kwa bei ya leo, si ya bajeti,
tope likidondoka kwenye foleni ya Tazara
na mwenye bodaboda akitutukana kwa haki.
Robo tatu ya mzigo ni maji.
Tunayalipia nauli maji
katika mji unaonunua maji kwa ndoo.

Kulichoma.
Kiwanda cha saruji kimeandika: leteni,
mradi likauke kama kuni.
Likauke lini? Masika yamekunja miguu barazani,
hayaagi.
Wiki hii watu wa mtaa wa nyuma wanatapisha vyoo usiku
mvua ikipiga bati, kelele izame humo;
asubuhi kila mtu amenusa, hakuna aliyeona.

Kulivundika, tupate gesi.
Tangi tunalo. Wafadhili walituachia
na kibao cha shaba na picha ya pamoja.
Vali ilikufa mwaka wa pili, spea iko ng'ambo,
na sasa mlinzi Ngwale anaanika shuka juu ya kuba,
anasema hukauka upesi.

Mboji.
Bi Zamaradi wa bustani za bondeni
keshakuja mara mbili na viroba vitupu.
"Mchicha hauulizi kabila," anasema.
Nikamweleza habari za mayai ya minyoo. Akanitazama
kama mtu anayeambiwa mvua ina maji.
Nimeyahesabu mwenyewe, jicho kwenye hadubini:
rangi ya chai isiyo na maziwa, gamba lenye vinundu,
kumi na tisa kwenye gramu moja.
Tunataka lisizidi moja.
Chokaa, au miezi ya jua, au vyote,
na subira, ambayo haina fungu kwenye bajeti.

Hapo jedwali lingeisha.

Lakini kitanda namba sita,
kile ambacho mchanga wake umeziba tangu Pasaka,
kimeota nyanya.
Hakuna aliyezipanda. Mbegu zimepita koo za mji mzima,
kachumbari ya harusi Sinza, rojo la wagonjwa Amana,
zikapita matumbo, mabomba, chekeche, mabwawa,
zikafika hapa na zikakumbuka kazi yao.

Chiduo huzichuma kwa kofia ya kazini.
Miaka kumi na minane anashika reki,
buti la kushoto limezibwa kwa mpira wa baiskeli.
Nikamwambia, zipike, usile mbichi.
Akasema, "Dawa ya minyoo mlipewa lini?"
Mwezi uliopita, sisi wa maabara.
"Wenye hadubini," akasema,
akaendelea kuchuma.

Nimeongeza safu ya nne: Nani ataligusa?
Kuzika: Chiduo.
Kuchoma: Chiduo.
Gesi: Chiduo, siku vali itakapoziba tena.
Mboji: Chiduo, kisha Bi Zamaradi, kisha sahani zetu.

Mhandisi, pendekezo langu ni mboji kwa chokaa,
vitanda viezekwe bati angavu kabla ya vuli,
na vidonge vianzie kwenye reki,
vije maabara vikibaki.
Kitanda namba sita kifukuliwe mwisho.
Kuna tatu bado mbichi.