Ramani ni ya Kusomwa

Saa tisa na nusu alasiri, na jua la Võru
limeshafunga duka.
Endel amesimama mlangoni mwa chumba cha mitambo,
kofia ya manyoya mkononi kama aliyekuja msibani.
"Maarika," ananiambia, "saraka ni tupu.
Sauti zote hazipo."

Sauti zote: wanawake elfu moja na mia tatu
waliomhadithia, tangu enzi za kanda za sumaku,
namna ya kuchachusha unga wa mkate mweusi,
namna ya kumzuga dubu,
namna ya kumlilia bi harusi siku ya kumtoa.
Wengi wamekwisha kuzikwa. Walichobakiza
kimo ndani ya seva iliyoko Tartu, kilomita sabini.

Namwambia: keti, Endel. Utupu huo ni desturi yake.
Saraka hii haipachikwi mpaka iitwe.
Ukichungulia tu, huoni kitu;
taja jina, uingie, ndipo inapokuja.
"Kwa hiyo hawapo mpaka niwaite?"
"Hawapo mpaka uwaite."

Basi nikaita. Nikaandika jina la kijiji, Rõuge.
*Hakuna faili wala saraka ya jina hilo.*

Moyo ukanidunda; sikumwonyesha.
Nikashuku ile õ yenye wimbi kichwani. Nikaisingizia.
Nikapiga hodi Tartu: seva ikaitika, milisekunde nne.
Nikaiuliza inagawa nini, ikanitajia,
nasi tumo katika orodha ya wageni wake.
Nikapachika kwa mkono: sauti zikaja, mia kwa mia.
Endel akashusha pumzi.
Mimi sikushusha. Kitu kikikubali kwa mkono
na kugoma chenyewe, kina neno.

Nikamzima yule mtumishi wa nyuma ya pazia,
nikamwasha tena mbele ya macho yangu,
aseme wazi kila anachofanya.
Mistari ikamiminika. Mmoja ukanikaa kooni:
alikuwa haisomi ramani.
Alikuwa anaiendesha, kama programu,
akingoja imjibu.

Nani kaipa karatasi ruhusa ya kutenda?

Mimi. Ijumaa, koti tayari mabegani,
kwa amri moja niliyoinyunyiza
juu ya faili zote, kama chumvi.

Nikaivua ruhusa ile. Nikawasha upya.
Sekunde mbili.

Endel akavuta kiti. Hakuniuliza nani alikosea.
Akaandika jina mwenyewe, kwa kidole kimoja,
akiitafuta õ kwenye kibodi kama funguo gizani,
na bibi mmoja akakohoa, miaka arobaini iliyopita,
akasema subiri kwanza,
nimwage maji ya viazi.