Kabla ya Kufuta

Kompyuta hii Kivuva aliinunua Luthuli, mtumba,
mwaka ule bomba la ploti lilipopasuka Krismasi nzima.
Herufi M ni kaidi: ibonyeze kwa kidole gumba, uombe.
Yeye hakuwa na subira nayo, aliiruka tu.
Inakaa sebuleni, Donholm, chini ya kitambaa nilichofuma,
maana vumbi, alisema, ni ugonjwa wa mashine.

Kivuva tulimzika Aprili.
Machi niliuliza bei ya jeneza.
Mara moja. Saa nane usiku. Mlango nimeurudisha
asinisikie nikibonyeza.

Tangu hapo majeneza hayakuniacha.
Nafungua bei ya unga, jeneza pembeni.
Nasoma namna ya kuloweka muthokoi, jeneza la mvule,
vishikio vya shaba, punguzo mwisho Ijumaa.
Nilipotafuta viatu vya shule vya mjukuu
likaja lile dogo, jeupe.
Nikachomoa waya ukutani.

Kerubo wa ghorofa ya tatu alikuja Jumamosi,
soksi moja nyekundu, moja ya kijivu,
akaketi pale alipokuwa akiketi Kivuva. Nikanyamaza.
Kuwasha tu, madirisha yakamrukia kama siafu waliokanyagwa:
HONGERA, UMESHINDA SIMU!
KOMPYUTA YAKO INA VIRUSI 47!
Na yule binti anayetabasamu, kilomita mbili kutoka kwangu,
kilomita mbili tangu mwaka juzi, hajasogea.

"Ulibonyeza wapi, Mwalimu?"
"Kwenye alama ya kufunga."
"Hiyo haifungi. Wameichora tu."
Kumbe miezi yote nimesukuma mlango uliochorwa ukutani,
nikidhani ni mimi nisiyejua kusukuma.

Akaanza kung'oa.
Programu ya hali ya hewa iliyotazama kila kitu
isipokuwa mawingu.
Kisanduku cha kutafutia ambacho hatukukiomba.
"Na hivi ni vidakuzi."
"Kutoka kudakua?" nikamuuliza.
Miaka thelathini nimefundisha Kiswahili, neno hilo nalijua:
kutoboa siri ya mwenye nyumba.
"Vipo mia tisa na kumi na viwili."
Mia tisa na kumi na viwili, sebule ya viti vitano.
Mgeni siku ya tatu mpe jembe, nilikuwa nikiwaambia watoto.
Hawa walikuja na jembe lao
na walikuwa wakichimba.

Akaweka kizuizi. Akasasisha vilivyozeeka,
saa nzima, chai ikapoa, tokeni ya stima ikabaki uniti nne.
Nenosiri lilikuwa kivuva1234.
"Hili hata mbuzi angelifungua," akasema,
kisha akaniona uso, akajiuma ulimi.

"Nifute na historia yote?"
Kidole juu ya kipanya.
Ngoja, nikasema.

Tukateremka safu kwa safu,
Mei, Aprili, Machi.
Tarehe kumi na nne, saa nane usiku: swali langu.
Chini yake, tarehe kumi na mbili, alfajiri:
jinsi ya kuondoa atangazo ya ajeneza ke wangu asiyaone
Chini yake tena, tarehe kumi na moja:
bei ya jeneza

Kerubo akaenda dirishani
kutazama nguo za watu kwenye kamba.

Yalikuwa yake, basi. Yalikuwa yake kabla hayajawa yangu.
Tulikuwa tumelala kitanda kimoja na swali moja,
kila mtu amelifunika upande wake wa blanketi,
na mashine ikitujua sote wawili.

Nikachukua risiti ya stima, nikanakili nyuma yake
atangazo, ajeneza, ke wangu,
vile vile.
Kalamu nyekundu ilikuwepo, mezani, karibu na chai.
Sikuigusa.

Sasa futa, nikamwambia.