Kesi ya Manyoya

Jembe la Tusekile lilivuka mpaka kidogo tu
likaibua manyoya tutani, meupe kama sakitu,
mazima vilevile nilivyoyafukia Novemba,
na chini yake udongo uliolewa damu.
Akapiga yowe. Inyala nzima ikaja.

Nani asiyejua maana ya damu na manyoya
yaliyozikwa usiku kando ya mpaka?
Na kweli ilikuwa usiku:
machinjioni Mwanjelwa natoka saa mbili,
na toroli haina taa.

Mwenyekiti Ambakisye, kofia puani, akauliza:
"Binti Mwakalobo, kuku wangapi?"
Mia nne, nikasema.
Watu wakarudi nyuma hatua moja.
Kwa siku, nikaongeza. Jumamosi mia sita.
Mnawala nyie, harusini, na chipsi.
Mnadhani kilichobaki huenda wapi?
Kilikuwa kinashuka mtaroni hadi kijitoni
wanakonywa ndama wenu.

Humo mna naitrojeni, nikasema,
ileile mnayokopa dukani kwa mfuko.
Neno likapita juu ya vichwa kama kunguru.

Nilikosea jambo moja, nakiri.
Unyoya ni mkaidi: uliumbwa kushindana na mvua,
hauozi kwa kubembelezwa.
Unataka pipa la chuma, mfuniko wa nati nne,
mvuke, moto wa pumba,
tangu kengele ya kanisa hadi watoto watoke shule.
Hapo ndipo unalegea, unakuwa uji,
ukikauka, unga wa kahawia
unaonuka nywele zilizoungua.

Damu haina ubishi. Inaganda sufuriani kama maini,
naikata, naianika; jua la Juni likigoma
inakaa juu ya jiko siku tatu
na mama ananuna siku nne.

Utumbo nawapa funza wa nzi weusi.
Hilo sikulitaja. Kesi moja yatosha.

Nikatozwa faini: jogoo.
Akachinjwa palepale, supu ikanywewa na baraza.
Nikaomba manyoya yake.
Kicheko kilianzia kwa mwenyekiti.

Mwaka huu viazi vyangu vimefunika matuta,
majani kijani hadi yanakaribia weusi.
Juzi, giza limeingia, mbwa akabweka:
Tusekile, na kisado chini ya kitenge.
"Kimoja tu," akanong'ona, "na nisionekane."

Nikamjazia, nikampa na jembe.
Akaenda kufukia, usiku,
upande wake wa mpaka.