Am Kamingi

Gulu, saa nne. Fundi Ocaya alipokea redio yangu,
akaifuta vumbi kwa kiwiko,
akasema, "Am kamingi."
Akanipa mgongo, akaenda zake.

Miaka kumi na tisa nafundisha Kiingereza Bukoba.
Kuja ni kusogea: nimeliandika hilo ubaoni
hadi chaki ikanila vidole.
Huyu alizidi kupungua, kupungua,
akawa kitone nyuma ya lori la ufuta.

Aber, muuza odii wa kibanda cha pili, alicheka
mpaka mwiko ukamdondoka.
"Mwalimu, neno hilo si la miguu.
Usitazame anakoelekea. Tazama alichoacha."

Bisibisi. Miwani. Chuma cha kulehemu, bado kinafuka.
Kofia msumarini.

"Basi hapo amelisema sawasawa.
Ila siku akilisema huku kavaa kofia,
dada, chukua redio yako."

Nikakaa juu ya kreti ya soda, nikasahihisha
kosa moja la zamani:
stendi ya Bukoba, Mutalemwa dirishani mwa basi,
"Nakuja, nakuja,"
na kofia kichwani.