Sentensi Nzima

Zamu ya usiku nimehesabu mishipa ya watu kumi na wanne,
vidole viwili juu ya kifundo, jicho kwenye saa ya ukutani:
sabini na mbili, tisini, mia na kumi na hofu ndani yake.
Saa kumi na moja na nusu natoka spitali,
nafunga raba, nabana mtandio kwa pini mbili,
na sasa mgonjwa ni mimi.

"Usikimbie," alinambia Asya Makame, mwalimu wa michezo Madungu,
"jifunze kwanza kutokukimbia."
Akaandika mia mbili na ishirini, akatoa miaka yangu arobaini,
akachora kanda tano nyuma ya daftari la mahudhurio
kama anayegawa ardhi.
"Wewe kaa wa pili. Mia na nane mpaka mia ishirini na sita.
Humo ndimo moyo unamojengwa. Ukivuka, saa italia,
na ikilia, tembea. Hata mbele ya watu. Tembea."

Mbele ya watu ndiyo kazi.
Kijana wa boflo kanipita na baiskeli na tenga lake,
akarudi kuuliza kama nimeteguka.
Gari la ng'ombe likanipita karibu na Gombani,
ng'ombe akanitupia jicho la kunionea huruma.
Mie niliyezoea kukipanda kilima cha Wawi kwa hasira,
meno yameumana, ladha ya chuma kooni,
kisha siku tatu siwezi kushuka ngazi!

"Na kipimo kingine," alisema Asya, "maana saa huishiwa chaji:
uweze kusema sentensi nzima bila kuikata."

Niseme na nani, alfajiri, njia ya Vitongoji?
Nikaanza na saba mara saba.
Nikataja dawa za kabatini, rafu kwa rafu.
Nikamsengenya daktari mpya: sentensi ndefu, tamu, saa kimya.
Kisha, sijui vipi, pale majamvi yanapotandazwa kandoni mwa lami
na harufu ya karafuu mbichi ikanishika puani,
nikasema: "Shaame, ile mikarafuu kumi na miwili..."

Mia thelathini na tisa.
Saa ikalia mkononi kama mtoto aliyebanwa na mlango.
Sikuwa nimeongeza hatua. Njia ilikuwa tambarare.

Miaka mitatu hatusemi, mie na ndugu yangu.
Akiingia msibani kwa mlango wa mbele, mie hutokea jikoni.
Mkono wa idi tunapeana kupitia watoto.
Neno alilonambia mbele ya sheha bado limekaa ubavuni,
na kumbe lina namba.

Basi nikalifanya zoezi.
Kila Jumanne na Alkhamisi, mwendo wa kobe, jina lake.
Wiki ya kwanza: "Sha..." Ikalia. Nikatembea.
Wiki ya nne nikafika "Shaame, wewe ulinambia..."
Mia thelathini. Mvua ya vuli, tope. Nikatembea.
Wiki ya saba sikutoka, mwanangu ana homa.
Wiki ya tisa ikapanda tena, mia arobaini na mbili,
nikaivua saa, nikaitia mfukoni,
nikakimbia mpaka nikatapika mtaroni.
Asya hakuuliza kitu. "Anza tena chini," akasema.

Leo, pale pale kwenye majamvi:
"Shaame, ulinikosea, na mie nilikukosea,
na miti ile ilipandwa kabla yetu sote."
Sikuikata.
Mia ishirini na nne.

Mwanamke anayegeuza karafuu kwa mguu akainua kichwa.
"Wamwambia nani?"
"Najaribu tu," nikajibu, bila kuhema.

Nyumba yake iko juu, Wawi, mlango wa kijani.
Kilima kile Asya kanikataza mpaka mwezi ujao.
Nimesimama chini yake, vidole viwili shingoni,
mazoea ya kazi, saa ninayo,
nahesabu.